Kutoka Juderia ya Rhodes hadi Lubumbashi: shajara ya mradi

14 Januari 2025

Leo kazi imeanza rasmi. Sisi ni watatu: mimi, niliyezaliwa Lubumbashi na kukisomea Kiswahili sanifu Dar es Salaam, mwenzangu ambaye kazi yake ni kuchora ramani, na kijana wa chuo kikuu anayerekodi na kusafisha sauti. Tunakusudia kutoa kijitabu cha kurasa 60 hivi pamoja na maonyesho madogo ya mabango, vyote kwa Kiswahili, kuhusu Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes waliokuja kufanya biashara Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo. Habari zao zimeandikwa kwa Kifaransa na kusimuliwa katika familia kwa Kihispania cha Kiyahudi, wenyewe wakikiita Ladino. Kiswahili, lugha waliyoitumia na wateja wao dukani kutwa nzima, bado hakina maelezo yanayoweza kumshibisha msomaji, na ndiyo pengo tunalotaka kuliziba.

Msomaji wetu wa kwanza ni mkazi wa Lubumbashi, Likasi au Kolwezi ambaye amepita mbele ya sinagogi maisha yake yote bila kuambiwa lilijengwa na nani. Kwa sababu hiyo tumeamua kuanzia mbali. Rhodes ni kisiwa kilichopo karibu kabisa na pwani ya Uturuki, na msomaji wa Biblia amekwisha kukutana nacho katika Matendo ya Mitume, sura ya 21, Paulo alipopita huko baada ya kutoka Kos. Waturuki wa dola ya Osmani walikiteka mwaka 1522, miaka 30 tu baada ya Wayahudi kufukuzwa Hispania. Wengi wa waliofukuzwa walipokelewa katika miji ya dola hiyo, na baadhi yao wakafika Rhodes. Wakakaa ndani ya ukuta wa mji mkongwe, katika mtaa ulioitwa Juderia, wakaendelea kuzungumza Kihispania cha mababu zao kwa zaidi ya karne nne. Sinagogi lao liitwalo Kahal Shalom, lililojengwa mwaka 1577, ndilo kongwe kuliko yote nchini Ugiriki ambayo bado yanatumika.

2 Februari

Nimelazimika kuifuta aya ya kwanza ya sura ya pili, na ninaandika hapa sababu ili tusirudie kosa lile lile. Nilikuwa nimeandika kwamba Wayahudi wa Rhodes walikuja Kongo wakimkimbia Hitler. Sentensi hiyo inavutia na msomaji angeikubali bila kuuliza, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea kuisikia historia ya Wayahudi wa karne ya 20. Lakini si kweli. Wengi wao walikuwa wamekwisha kuja kabla Hitler hajashika madaraka mwaka 1933, na kilichowaleta ni kitu kinachofahamika katika kila kijiji cha Afrika ya Kati: kazi ilikuwa haba nyumbani, na kulikuwa na ndugu ugenini aliyeandika kwamba kazi ipo.

Sababu zilikuwa kadhaa na ziliingiliana. Mwaka 1909 serikali ya Osmani ilipanua sheria ya jeshi ili iwahusu pia vijana wasio Waislamu, na familia nyingi zikaona ni afadhali mtoto wa kiume avuke bahari. Mwaka 1912 Waitalia wakakiteka kisiwa, na biashara iliyokuwa ikiegemea bara la Anatolia, ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari, ikaanza kunyauka kwa sababu mpaka mpya ulikuwa umepita katikati ya muuzaji na mnunuzi. Zaidi ya hayo kulikuwa na mahari. Katika desturi yao familia ya binti ndiyo iliyotoa mali wakati wa ndoa, kwa hiyo nyumba yenye mabinti watatu au wanne ilihitaji walau kaka mmoja anayetuma fedha kutoka nje. Jambo hili la mwisho nataka lipewe nafasi kubwa, maana linaeleza kwa nini kijana wa miaka 16 au 17 alikubali kwenda mahali asipoweza hata kupaonyesha kwenye ramani.

Kwa nini basi waje Kongo na si kwingine? Kwingine pia walikwenda: Marekani, Misri, Afrika Kusini, na hasa Rhodesia ya Kusini (Zimbabwe ya leo). Lakini mwanzoni mwa karne ya 20 shirika la Kiyahudi la Ufaransa, Alliance Israélite Universelle, lilifungua shule Rhodes, na watoto wa Juderia wakasoma kwa Kifaransa. Kijana aliyetoka shule hiyo aliweza kufanya kazi ya ukarani katika koloni la Ubelgiji tangu siku ya kwanza. Mwalimu wa shule, bila kukusudia, ndiye aliyemfungulia mwanafunzi wake njia ya Katanga.

19 Februari

Mchora ramani ameleta rasimu ya njia ya safari, na imetushangaza sisi wenyewe. Tulizoea kudhani kwamba kila aliyekuja Kongo aliingilia magharibi, kwenye mlango wa mto Kongo. Katanga ilifunguliwa kutoka kusini. Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli iliyotoka Cape Town, ikapita Bulawayo na Maporomoko ya Victoria, mwaka 1910 ilifika mahali palipokuja kuitwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikayeyushwa. Walioshuka kwenye mabehewa hayo walikuwa watu wa kila namna, wakiwamo Wayahudi wa kwanza wa mji, waliokuwa na asili ya Urusi na Lithuania na waliopitia Afrika Kusini. Hawa walikuwa Waashkenazi, Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki wenye lugha yao ya Kiyidi, wenye tuni za sala na vyakula tofauti kabisa na vya watu wa Rhodes, ambao ni Wasefardi, yaani Wayahudi wenye asili ya Hispania.

Wasefardi walifuata nyayo zao, wengi wakiwa wameanza katika maduka ya jamaa zao upande wa Rhodesia kabla ya kuvuka mpaka. Mmoja alipopata duka alimwita mdogo wake, mdogo akamwita binamu, na binamu alipopata uwezo akaandika nyumbani ili atafutiwe mchumba. Baada ya muda jamii ya Elisabethville ikawa ya watu wa Rhodes kwa kiasi kikubwa, hata Ladino ikasikika sinagogini. Nimemwomba mwenzangu achore njia hiyo kwa mstari mmoja mzito unaotoka baharini hadi Katanga, kisha aongeze mistari myembamba ya kurudi: hiyo ni barua na fedha zilizokuwa zikipanda kaskazini. Ramani inayoonyesha safari ya kuja peke yake ingemficha msomaji nusu ya jambo.

11 Machi

Sura ya duka imenichukua wiki tatu, na sioni sababu ya kuiharakisha, kwa kuwa ndiyo sura ambayo Kiswahili kinaingia kwa miguu yake chenyewe.

Elisabethville ilipangwa na wakoloni kwa rangi ya ngozi. Upande mmoja ulikuwa mji wa Wazungu. Upande wa pili ulikuwa mji wa Waafrika, ambao kitongoji chake cha kwanza ndicho Kamalondo ya leo. Na katikati paliachwa eneo tupu lisilojengwa, kwa hoja ya afya, ili watu wasichanganyike. Lakini mtu mweusi aliyelipwa mshahara mgodini alihitaji kitambaa, sabuni, chumvi, sufuria, taa na baadaye baiskeli, na maduka makubwa ya Kibelgiji hayakujali sana kumhudumia. Pengo hilo lilizibwa na Wagiriki, Wareno, Waitalia na Wayahudi wa Rhodes, ambao maafisa wa koloni waliwahesabu kuwa Wazungu wa daraja la pili. Maduka yao yalielekea kwenye mipaka ya mji, mahali ambapo Waafrika walipita.

Duka la namna hiyo lilikuwa shule ya lugha. Kiswahili kilikuwa kikienea Katanga kwa sababu migodi ilikusanya wafanyakazi kutoka Maniema, Kasai, Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), na kuanzia miaka ya 1920 kutoka Rwanda na Burundi, nao walihitaji lugha moja ya kuelewana. Kijana aliyefika kutoka Juderia akiwa na Ladino ya mama, Kifaransa cha shule, Kiitaliano cha serikali, Kiebrania cha sala na maneno ya Kituruki na Kigiriki ya sokoni, alijikuta anaongeza Kiswahili cha Katanga ndani ya miezi michache, kwa sababu bila hicho asingeuza hata mita moja ya kitenge. Sina budi kukiri kwamba ninaguswa na picha hiyo ya watu wawili walioletwa mjini na shaba ileile, mmoja kwa reli kutoka kusini na mwingine kwa miguu au kwa mkataba kutoka Kasai, wakipatana bei kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeipata kwa mama yake.

Hata hivyo picha hiyo isitufanye tusahau mizani ya nguvu. Muuza duka, hata akidharauliwa na Wabelgiji, alikuwa upande wa waliotawala: aliweza kuvuka eneo lile tupu usiku bila kibali, na mteja wake hakuweza. Kijana wetu wa sauti amependekeza sentensi hii iwekwe kwenye bango lenyewe badala ya kufichwa ndani ya kijitabu, nami nimekubali.

30 Machi

Umeme ulikatika katikati ya mahojiano ya leo na tukapoteza dakika 40 za sauti. Mzee tuliyekuwa tukimhoji, aliyefanya kazi ya kupima vitambaa katika duka la Myahudi mmoja wa Rhodes tangu ujana wake, ametukubalia kwa moyo mweupe turudi kesho. Ametuambia kwamba kila Ijumaa jioni duka lilifungwa mapema, na kwamba yeye ndiye aliyejua saa kwa kuangalia kivuli cha mti, kabla bwana hajatazama saa yake ya mkononi. «Papa, na ulijua kwa nini wanafunga?» nilimuuliza. Akajibu kwamba hakuna aliyewahi kumweleza, na yeye hakuwahi kuuliza. Tutaomba atusimulie tena jambo hilo kesho, maana ni miongoni mwa yaliyopotea.

22 Aprili

Hii ni sura niliyokuwa nikiikwepa. Nimeiandika leo kuanzia alfajiri, na nimejitahidi kutumia maneno machache na tarehe zilizo wazi.

Mwaka 1938 serikali ya Mussolini, mtawala wa Italia, ilitoa sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi, nazo zikafika Rhodes. Chuo cha kufundisha marabi kilichofunguliwa kisiwani mwaka 1928 kilifungwa, na watoto wa Kiyahudi wakaondolewa katika shule za serikali. Waliokuwa na jamaa nje walijaribu kuondoka, na baadhi walifika Kongo katika kipindi hiki. Hawa, na hawa peke yao, ndio tunaoweza kusema kwamba walikimbia. Italia ilipoingia vitani Juni 1940, bahari ikafungwa. Septemba 1943 Italia ikajisalimisha kwa Washirika (Uingereza, Marekani na wenzao), na Wajerumani wakakitwaa kisiwa.

Julai 1944 wanaume Wayahudi waliamriwa kuripoti wakiwa na vitambulisho vyao. Kisha wanawake, wazee na watoto wakaamriwa kuwafuata, wakiwa wamebeba vitu vyao vya thamani. Balozi mdogo wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, alifika kwa kamanda Mjerumani na kudai waachiliwe wote waliokuwa na uraia wa Uturuki pamoja na familia zao, akawaokoa watu wapatao 40. Waliobaki, karibu 1,700, walipakiwa katika meli tarehe 23 Julai. Walipitia Kos, ambako Wayahudi wa kisiwa hicho waliongezwa, wakafikishwa Piraeus, bandari ya Athens, kisha wakapandishwa mabehewa ya mizigo hadi Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wajerumani nchini Poland, ambako walifika tarehe 16 Agosti. Wengi waliuawa siku hiyohiyo. Wa Rhodes waliobaki hai mwisho wa vita ni 151.

Msomaji aziangalie tarehe hizo. Washirika walikuwa wameingia Roma tangu Juni 4 na walikuwa wamekwisha kutua Normandy, Ufaransa. Ujerumani ilikuwa ikishindwa kila upande, na bado ilitafuta meli na mabehewa ya kuwasafirisha watoto na vikongwe wa kisiwa kidogo kutoka ncha moja ya Ulaya hadi nyingine.

Sasa ninaona wazi kwa nini kosa la Februari lilikuwa kubwa. Tungesema kwamba watu wa Katanga walimkimbia Hitler, tungewapa maono ambayo hawakuwa nayo. Kijana aliyepanda meli mwaka 1925 alikwenda kutafuta mahari ya dada yake. Hakujua kwamba yeye ndiye angebaki hai, na kwamba dada aliyemtafutia mahari angeuawa pamoja na watoto wake. Vita vilipokwisha, baadhi ya wale 151 walifuata jamaa zao Kongo na Rhodesia, na ni kwa vinywa vyao watu wa Elisabethville walijua habari za nyumba walizokuwa wakizitumia barua. Juderia ilikuwa imebaki kuta na vichochoro. Watu wake, au masalio yao, walikuwa wamesimama nyuma ya kaunta za maduka ya Kiafrika.

Tumekubaliana kwamba bango la sura hii halitakuwa na picha.

17 Mei

Sura ya sinagogi na ya kuondoka imekamilika kwa haraka kuliko nilivyotarajia, kwa sababu matukio yake yanajulikana na yanahitaji kupangwa tu. Sinagogi la Elisabethville lilijengwa mwaka 1930 na bado limesimama. Mwaka 1937 alifika rabi kijana, Moïse Levy, mzaliwa wa Rhodes aliyesomea katika chuo kile kilichofungwa mwaka mmoja baadaye. Utumishi wake nchini ulidumu hadi mwaka 1991, na katika muda huo Kongo ya Wabelgiji ikawa Kongo huru, Katanga ikajitenga na kurudishwa, Elisabethville ikawa Lubumbashi, na nchi ikaitwa Zaire. Sijui kama kuna kiongozi mwingine wa dini katika mji wetu aliyezika na kuozesha watu wa vizazi vingi kiasi hicho.

Uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 na kujitenga kwa Katanga siku 11 baadaye viliwaondoa wengi. Mapigano ya mwaka 1961 kati ya askari wa Umoja wa Mataifa na wa Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, yalifanyika ndani ya mji, na familia zilizokuwa na watoto wadogo hazikungoja. Baadhi walirudi baada ya hapo, wakafungua tena. Kilichowavunja wafanyabiashara ni hatua iliyotangazwa na Mobutu tarehe 30 Novemba 1973, ya kuyataifisha maduka na mashamba ya wageni na kuyakabidhi kwa raia wa Zaire. Maduka mengi yalipewa watu wasiokuwa na mtaji wala uzoefu, rafu zikawa tupu ndani ya miezi michache, na ingawa sehemu ya mali ilirudishwa baadaye, imani haikurudi. Uporaji wa mwaka 1991 ukawamaliza waliokuwa wamebaki na moyo. Brussels na Cape Town zikawa makazi mapya ya wengi, na huko, mpaka leo, kuna wazee wanaochanganya Ladino na Kiswahili cha Katanga wanapocheza karata.

8 Juni

Tumebishana kutwa nzima juu ya neno moja. Wanaume wengi wa Rhodes walifika wakiwa hawajaoa, na baadhi yao walizaa na wanawake wa Kikongo. Watoto hao Kifaransa huwaita *métis*, na watu wetu husema metisi. Kamusi zinatupa «chotara», lakini neno hilo hutamkwa mara nyingi kama tusi, na mchora ramani hakutaka kuliona kwenye bango. Tumebaki na metisi, kwa kuwa ndilo neno ambalo wahusika wenyewe wametuambia wanalikubali.

Hali yao ilikuwa ngumu kutoka pande mbili. Serikali ya kikoloni iliwatazama kama tishio kwa mpaka wa rangi, na wengi walitwaliwa kutoka kwa mama zao na kulelewa katika misheni. Ni kosa ambalo Ubelgiji, kwa kinywa cha waziri mkuu wake Charles Michel, iliomba radhi bungeni Aprili 2019. Upande mwingine, kwa sheria ya dini ya Kiyahudi mtu ni Myahudi kupitia kwa mama, kwa hiyo mtoto wa baba wa Rhodes na mama Mkongo hakuhesabiwa kuwa mmoja wa jamii hata alipobeba jina la ukoo wa baba yake. Wapo waliotambuliwa na baba zao na kusomeshwa, na wapo waliojua jina tu.

Msomaji atakuwa anamfikiria mtu mmoja tayari. Moïse Katumbi, gavana wa Katanga kuanzia mwaka 2007 hadi 2015 na rais wa klabu ya TP Mazembe, ni mwana wa Nissim Soriano, Myahudi wa Rhodes aliyefanya biashara ya samaki upande wa Luapula. Mwaka 2021 ulipowasilishwa muswada wa kuwazuia kugombea urais watu wasio na wazazi wawili Wakongo, mjadala mzima ulimzunguka yeye. Tumelijadili kama tuligusie jambo la siasa za leo katika kijitabu cha historia. Maoni yangu ni kwamba lazima tuligusie, kwa aya moja isiyo na ushabiki, kwa sababu swali la nani ni mtu wa hapa ndilo lililowafuata watu hawa kutoka bandari ya Rhodes hadi kibanda cha kupigia kura.

21 Juni

Mama mmoja mwenye umri mkubwa, ambaye baba yake alitoka Rhodes na mama yake alikuwa Mluba, amekuja kusoma mabango kabla hayajachapishwa. Alisoma taratibu, akivua na kuvaa miwani. Mbele ya bango la ramani alisimama muda mrefu. Tulikuwa tumeweka, kandokando ya mstari mzito wa safari, majina ya wafanyabiashara kumi ambao familia zao zimetupa idhini, pamoja na mwaka wa kufika na mji walikofungua duka. Baba yake alikuwa wa nne.

Akaniambia, «Mwanangu, mama yangu naye alisafiri. Alitoka Kabinda kwa miguu mpaka kwenye reli. Mbona yeye hayupo?»

Sikuwa na jibu. Sajili tulizozitumia ziliandikwa na maafisa walioorodhesha wanaume wenye leseni za biashara, nasi tulizifuata bila kujiuliza. Jioni hiyo mchora ramani amechora mstari wa pili, unaotoka Kasai kwenda kusini-mashariki, na uzito wake ni ule ule wa mstari wa kwanza. Nimewapigia simu familia nyingine tisa kuomba majina ya mama na bibi. Tano zimekwisha kujibu. Mchapaji ametupa mpaka Jumatatu saa nne asubuhi.